Kuchagua Vifaa vya Umeme Visivyokula Yuniti Wala Kuharibu Mazingira: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Uganda

Anayenunua friji hulipa mara mbili: kwanza kwa keshia, kisha kidogo kidogo kupitia Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa miaka kumi au zaidi, na mara nyingi malipo ya pili ndiyo makubwa. Upande wa mazingira nao una hesabu yake, ambayo kwa Uganda haifanani na ile ya nchi zinazozalisha umeme kwa makaa ya mawe. Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye maji ya Mto Nile, tangu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, hadi Bujagali yenye megawati 250, Isimba yenye megawati 183, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa mwaka 2024. Kwa hiyo yuniti moja, yaani kilowati-saa (kWh) moja, inayotumika Kampala, Mbale au Mbarara haiachi moshi mwingi nyuma yake. Kinachoharibu mazingira katika nyumba zetu ni mkaa unaowaka kwenye sigiri, gesi iliyomo ndani ya friji kuukuu, na kifaa hafifu kinachotupwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Anayetaka kuchagua vizuri azingatie mambo hayo matatu pamoja na matumizi ya yuniti, wala asidanganyike na neno la kijani lililochapwa kwenye boksi.

Hatua ya kwanza: pima nyumba yako kabla ya kwenda dukani

Watu wengi hulaumu taa na televisheni kwa sababu ndivyo vinavyoonekana vikiwaka, ilhali friji iliyonyamaza kwenye kona na bomba la kuogea la umeme ndivyo vinavyomaliza tokeni. Ili usikisie, tumia mita yako ya Yaka, kwani inatosha kabisa kwa kazi hii.

Njia rahisi ni kuzima na kuchomoa kila kitu usiku isipokuwa friji, kuandika yuniti zilizobaki saa nne usiku, kisha kuandika tena saa kumi na mbili asubuhi. Zidisha tofauti hiyo kwa tatu upate makadirio ya siku nzima, na uongeze kidogo, kwa kuwa mchana chumba huwa na joto zaidi na watoto hufungua mlango wa friji kila wakati. Ikiwa friji imekula nusu yuniti usiku, inakula yuniti moja na nusu kwa siku, yaani yuniti 45 kwa mwezi, na kwa friji ya familia ya kawaida kiwango hicho ni kikubwa mno.

Njia ya pili inahitaji subira kidogo lakini inaonyesha kifaa kimoja kimoja. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake huandikwa idadi ya mapepeso kwa kila yuniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Washa kifaa kimoja tu, kisha uhesabu sekunde kati ya pepeso moja na jingine. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo na utapata wati: sekunde 36 ni wati 100, sekunde 12 ni wati 300, na pasi ya wati 1,200 itapepesa kila baada ya sekunde tatu. Ikiwa mita yako imeandikwa 1600 au 3200, gawanya jibu hilo kwa 1.6 au 3.2. Mita ikiwa juu ya nguzo nje ya uzio, njia hii inakuwa ngumu, na hapo utategemea ile ya kwanza.

Kuna kasoro moja ambayo kipimo hiki hufichua mara nyingi. Ukiwa umechomoa kila kitu na kitaa bado kinapepesa, basi ama kuna nyaya zinazovujisha umeme, ama kuna jirani au mpangaji aliyeunganishwa kwenye laini yako. Mwite fundi aliyesajiliwa kwanza. Hakuna kifaa kipya kitakachokusaidia kabla tatizo hilo halijaondolewa.

Hatua ya pili: elewa bei ya yuniti, kwa maana haifanani mwezi mzima

Bei ya umeme hupangwa na mamlaka ya udhibiti, ERA, na hupitiwa upya kila robo mwaka. Usambazaji wenyewe, ambao ulikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme tangu 2005, ulichukuliwa na UEDCL, kampuni ya serikali, mwezi Aprili 2025. Katika mpangilio ulioanza kutumika 2022, nyumba inayostahili bei nafuu hulipa shilingi 250 kwa kila yuniti katika zile 15 za kwanza za mwezi. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 inakuja bei ya kawaida, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kati ya shilingi 750 na zaidi kidogo ya 800. Kisha kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei hushuka hadi shilingi 412, nayo huitwa bei ya kupikia. Zinazozidi 150 hurudi kwenye bei ya kawaida. Juu ya yote hayo kuna VAT ya asilimia 18. Kabla ya kufanya hesabu yako, tazama tangazo la robo mwaka ya sasa.

Mpangilio huu una maana kubwa kwa mnunuzi. Nyumba inayotumia yuniti 70 kwa mwezi ikipunguza 20, inaokoa yuniti za bei ghali. Lakini nyumba ambayo tayari imefika 80 na inataka kuanza kupikia umeme, itaongeza yuniti za bei nafuu: yuniti 45 kwa shilingi 412 ni shilingi 18,540, na pamoja na VAT ni chini kidogo ya 22,000. Wengi wanaosema kwamba umeme ni ghali kwa kupikia hawajafanya hesabu hii. Wanakumbuka jinsi tokeni ilivyoisha siku walipowasha jiko la koili kutwa nzima.

Hatua ya tatu: anza na jiko, kwa sababu hapo ndipo mazingira yanapoguswa zaidi

Misitu ya Uganda ilifunika takriban asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Mashamba na makazi yana sehemu yake katika uharibifu huo, lakini mkaa una sehemu yake pia, na tanuri za udongo zinazouchoma hupoteza kuni nyingi kabla gunia halijajaa. Mwezi Mei 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika maeneo ya kaskazini, na kila anayenunua mkaa anajua bei inavyopanda njia zikifungwa au mvua zikinyesha. Kwa hiyo kama una fedha za kifaa kimoja tu mwaka huu, na bado unapika maharagwe kwa mkaa, usianze na friji mpya. Anza na jiko la presha la umeme.

Jiko hilo ni sufuria yenye kifuniko kinachojifunga, kizio cha joto pembeni, na kidhibiti kinachokata umeme presha inapotosha. La lita sita huwa na wati 1,000 hivi, namba ambayo huwatisha watu bure, kwani halivuti wati hizo muda wote. Linavuta kwa nguvu hadi presha ipande, kisha hukata na kurudi mara chache tu kulinda joto. Maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva kwa takriban nusu yuniti au pungufu, wakati jiko la koili lenye sufuria wazi laweza kula mara tatu au nne ya hapo kwa chungu kilekile. Huko Kabale na Kisoro, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko na maharagwe hukaa motoni nusu siku, faida yake ni kubwa zaidi, kwa maana presha hupandisha joto la maji hadi kupita nyuzi 100.

Lisemwe pia lisiloweza. Matooke ya kufungwa kwenye majani ya mgomba, yanayokaa kwenye mvuke kwa saa kadhaa hadi yalainike na kupata harufu yake, hayaenei vizuri kwenye lita sita, na mama mkwe atajua kwamba umepitia njia ya mkato. Katogo ya matooke na nyama au utumbo, hata hivyo, hutoka safi. Posho haifai humo, kwani inataka mwiko na mkono. Kwa posho, chapati na rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai) utahitaji jiko jingine, nami napendelea jiko la gesi la plati mbili kuliko kurudi kwenye mkaa: gesi ni ya kuagizwa na si safi kabisa, lakini haikati mti, haijazi moshi kwenye mapafu ya mpishi, na huwaka hata umeme ukikatika.

Unapochagua jiko la presha, ufungue kifuniko dukani uangalie mambo ya ndani. Sufuria ya ndani ya chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko ile yenye rangi nyeusi inayobanduka kwa kijiko. Ulizia kama raba ya kifuniko huuzwa peke yake, kwa sababu raba ndiyo huchakaa kwanza, na jiko lisilopatikana raba yake litakuwa takataka kabla ya miaka mitatu. Hakikisha alama ya kiwango cha juu imechorwa ndani. Vyakula vinavyovimba kama maharagwe havipaswi kuzidi nusu ya sufuria. Kifuniko kisifunguke kamwe kabla presha haijaisha, na kipimo cha jambo hilo ni kuomba muuzaji alijaribu kwa maji mbele yako.

Majiko ya indaksheni, yanayopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, nayo ni mazuri, yana kasi na hayapotezi joto pembeni, ila yanakataa sufuria za aluminiamu, ambazo ndizo zimejaa katika jikoni zetu. Nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni: ikishika chini ya sufuria, sufuria hiyo itafanya kazi. Ikiwa sufuria zako zote ni za aluminiamu za mafundi wa Katwe, ongeza bei ya sufuria mpya kwenye hesabu, au uachane na indaksheni. Muuzaji atakuonyesha jiko la infraredi akisema linapokea sufuria yoyote, na ni kweli, lakini linapasha kioo kwanza kabla ya sufuria, na matumizi yake yako karibu na ya koili.

Hatua ya nne: friji, kifaa kisicholala

Friji huwaka saa 24, kwa hiyo tofauti ndogo ya wati huwa kubwa mwisho wa mwaka. Friji kuukuu inayokula yuniti 600 kwa mwaka ikilinganishwa na mpya inayokula 200, tofauti ni yuniti 400. Kwa shilingi 780 kila moja hizo ni shilingi 312,000, na VAT ikiongezwa zinafika takriban 368,000 kwa mwaka. Ndani ya miaka mitatu friji ya mtumba iliyoonekana rahisi imekula zaidi ya milioni moja juu ya bei yake.

Namba ya kutafuta ni ile ya kWh kwa mwaka, iliyo kwenye kibandiko cha nishati. Usitegemee herufi au nyota pekee, kwa sababu katika duka moja la Kampala waweza kukuta vibandiko vya mifumo mitatu vinavyosomwa kwa namna tofauti. Kile cha Ulaya hutumia herufi A hadi G, ambapo A ndiyo bora. Lakini mizani hiyo ilibadilishwa Machi 2021 na kukazwa, kiasi kwamba friji iliyokuwa A+ zamani yaweza kuwa F leo, na friji ya mtumba bado inabeba kibandiko chake cha zamani kwa fahari. Kile cha Kenya na India hutumia nyota, na nyota tano ndizo bora. Kile cha China hutumia namba 1 hadi 5, na hapo 1 ndiyo bora, kwa hiyo anayedhani 5 ya China ni sawa na nyota tano za India ananunua iliyo mbaya kuliko zote. Yuniti kwa mwaka hazina utata huo, mradi ulinganishe friji za ukubwa mmoja.

Kisha fungua mlango na usome bamba dogo lililobandikwa ukutani mwa friji, kwa kawaida karibu na droo ya mboga. Bamba hilo husema kweli kuliko muuzaji. Angalia vitu vitatu. Kwanza ni volti na hezi: ziwe 220–240V na 50Hz, friji ya 110V kutoka Marekani haifai hapa hata ukipewa bure. Pili ni daraja la hali ya hewa, linaloandikwa kwa herufi SN, N, ST au T. Madaraja ya SN na N yametengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST huvumilia hadi 38, na T hadi 43. Kabale unaweza kuishi na N bila tatizo, lakini katika jiko la bati Gulu, Arua au Moroto mwezi Februari, friji ya N itahangaika bila kupumzika, ikila yuniti na kuua kompresa yake mapema. Friji nyingi za mtumba kutoka Uingereza ni za madaraja hayo ya baridi.

Tatu ni gesi. Ukiona R600a, hiyo ndiyo inayofaa: ni aina ya butani, haidhuru tabaka la ozoni, na uwezo wake wa kupasha dunia joto ni mara chache tu ya ule wa kaboni dioksidi. R134a, iliyojaa katika friji za miaka ya nyuma, ina uwezo wa takriban mara 1,430, maana yake gramu 100 zikivuja ni sawa na kilo 143 za kaboni dioksidi. Makubaliano ya kupunguza gesi za aina hiyo yalifikiwa hapa jirani, Kigali, mwezi Oktoba 2016. R12 ikiwa kwenye bamba, funga mlango uondoke, kwani hiyo ni gesi inayotoboa ozoni na ilishaachwa zamani. R600a inawaka moto, ingawa ndani ya friji huwa gramu chache tu, kwa hiyo isiguswe na fundi anayechomelea bila kujua anachochomelea, na isijazwe gesi ya aina nyingine eti kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye mtungi wake.

Kompresa ya inverta huongeza bei, lakini hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, huanza kwa mvuto mdogo wa umeme, na huvumilia zaidi volti zinazoyumba. Kwa anayetumia friji kila siku, naona inalipa. Hata hivyo weka kifaa cha kulinda friji kwenye soketi, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi, kwa maana mshtuko wa kwanza umeme unaporudi ndio huua friji nyingi.

Ukubwa ni jambo ambalo watu hukosea kwa heshima ya wageni. Familia ya watu wanne hadi sita inayonunua mboga mbichi sokoni kila siku mbili inatoshwa na lita 150 hadi 200. Friji isiyoganda barafu ni rahisi kutunza lakini kwa kawaida hula zaidi kuliko ile ya kuyeyusha barafu kwa mkono. Ukichagua ya pili, uyeyushe barafu kabla haijawa nene. Friza la kifuniko cha juu hupoteza baridi kidogo kuliko lenye mlango wa mbele, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na haimwagiki kifuniko kinapofunguliwa. Mwenye duka anayetaka friji ya mlango wa kioo ajue kwamba kioo hupitisha joto, na kwamba taa ya ndani inayowaka mchana kutwa nayo ni joto. Kama soda zaweza kukaa kwenye friza la kifuniko, ataokoa mengi.

Ikifika nyumbani imelazwa juu ya bodaboda au pikapu, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Iweke mbali na jiko, iachane na ukuta kiasi cha sentimita kumi, na uiseti nyuzi 4 au 5. Jaribu raba ya mlango kwa noti ya shilingi 1,000: funga mlango ukiwa umeibana noti, kisha uivute. Ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka.

Hatua ya tano: maji ya moto

Bomba la kuogea linalopasha maji papo hapo huvuta wati 5,500 hivi, na dakika kumi za kuoga hula karibu yuniti moja. Watu watano wakioga kila siku, hizo ni yuniti 150 kwa mwezi, yaani zaidi ya kila kitu kingine ndani ya nyumba. Nchi hii imepitiwa na ikweta, na tangi la kupasha maji kwa jua la lita 150 au 200 juu ya paa hufanya kazi hiyo bila yuniti, isipokuwa siku za mawingu mazito. Gharama ya kuanzia ni kubwa, kwa hiyo lafaa zaidi kwa mwenye nyumba yake kuliko mpangaji. Mpangaji na apashe maji kwenye birika la umeme na kuyachanganya kwenye beseni: lita moja hula takriban yuniti 0.1, na birika hupoteza kidogo sana. Maji ya chai yaliyobaki yaende kwenye chupa ya chai, yasichemshwe upya kila mgeni anapofika. Anayeamua kuweka bomba la kuogea la umeme lazima awe na waya wake mnene peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, maana waya wa soketi ukibebeshwa mzigo huo huungua ndani ya ukuta.

Hatua ya sita: taa na vingine vidogo

Hapa sitakaa sana. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60, na balbu tano zikiwaka saa tano kila usiku, tofauti yake kwa mwezi ni yuniti 38 hivi. Linganisha lumeni, yaani kipimo cha mwanga, na wala si wati, na jihadhari na LED za bei ya kutupa zilizoandikwa wati nyingi na kutoa mwanga wa kibatari. Taa za mrija uliosokotwa zilizotangulia LED zina zebaki na hazina sababu ya kununuliwa tena. Televisheni ya inchi 32 huvuta wati 30 hadi 50 tu, lakini dikoda iliyoachwa ikiwaka mchana na usiku kwa wati 10 hula yuniti saba kwa mwezi bila mtu kuitazama, kwa hiyo izime ukutani. Nunua pasi yenye kidhibiti cha joto kinachofanya kazi, na upige nguo za wiki nzima kwa mkupuo. Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele hutumia maji kidogo, na ukifua kwa maji baridi yuniti zake ni chache mno. Kuhusu kiyoyozi, Kampala iko mita 1,200 juu ya bahari na feni ya wati 60 inatosha karibu kila usiku. Anayelazimika kukiweka achague cha inverta chenye gesi ya R32 au R290, asichukue R22 wala R410A.

Hatua ya saba: dukani, na fedha mkononi

Omba kifaa kichomekwe mbele yako na usikubali kuambiwa kwamba kilichoko kwenye boksi ni kilekile. Tafuta alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, na ulinganishe namba ya mfano iliyo kwenye kibandiko cha nishati na ile ya bamba la ndani, kwa sababu vibandiko hubanduliwa na kubandikwa. Risiti iandikwe namba ya mfano na namba ya mfululizo, pamoja na muda wa dhamana na mahali fundi wake alipo. Dhamana ya miaka kumi ya kompresa isiyo na karakana nchini ni karatasi tu. Mara nyingi mimi huwauliza mafundi wa mtaani kabla ya kumuuliza muuzaji: wao wanajua ni aina gani inayokuja kwao kila wiki na ni ipi ambayo hawajawahi kuipatia spea.

Fanya hesabu ya mwisho kwenye simu yako ukiwa hapohapo: bei ya kununua, jumlisha yuniti za mwaka mara bei ya yuniti mara miaka minane. Weka vifaa viwili sambamba kwa hesabu hiyo. Kile kilichokuwa ghali kwa shilingi 250,000 mara nyingi hugeuka kuwa cha bei ndogo.

Kwa nyumba zisizo na laini ya umeme

Walio kwenye sola wana kanuni kali zaidi. Paneli ya wati 100 hutoa takriban yuniti 0.4 kwa siku nzuri, kiasi kinachotosha taa, simu, redio na televisheni ndogo, lakini hakitoshi pasi wala birika. Chagua televisheni na feni zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja, kwa sababu inverta inayogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi hula sehemu yake hata ikiwa haina kazi. Hata mfumo mdogo wa taa tatu wenye kibali cha ubora cha VeraSol huiondoa tadooba, yaani kibatari cha mafuta ya taa, ndani ya nyumba pamoja na masizi yake. Friji ya sola inawezekana, ila inunuliwe pamoja na paneli na betri zilizopimwa kwa ajili yake, isiongezwe kwenye mfumo wa taa uliopo.

Hatua ya mwisho: kipya kikishaingia

Katika wiki ya kwanza rudia kipimo cha mita. Friji iliyoandikwa yuniti 200 kwa mwaka inapaswa kula kati ya nusu na robo tatu ya yuniti kwa siku katika jiko letu lenye joto. Ikila yuniti mbili, irudishe ukiwa na risiti na namba ulizoandika, kabla ya muda wa kurudisha kupita.

Cha zamani kisihamishiwe sebuleni kuwa friji ya soda, kwani hapo umeongeza matumizi badala ya kuyapunguza. Kisiuzwe pia kwa jirani kama bado kinakula yuniti 600, maana unamuuzia bili yako. Wanaokusanya vyuma chakavu hukata bomba la friji kwa koleo na kuiachia gesi yote hewani, ndipo wachukue shaba. Tafuta mkusanyaji wa taka za umeme mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, au fundi wa friji mwenye mashine ya kuvuta gesi na mtungi wa kuihifadhia, umlipe aivute kabla friji haijaondoka uani.